Kombo Hakuwa na Mke

Nguvumali, Jumapili, tarehe 9 Novemba. Asubuhi mawingu mazito, manyunyu baada ya sala ya alfajiri, kisha jua la kuchoma mpaka jioni. Nguo zako zimekauka zote.

Salehe,

Nimeanza kwa tarehe na hali ya hewa kwa sababu ndivyo ninavyoanza kila ninapoandika, na mkono umeshazoea. Hilo la nguo ndilo neno la mwisho la huduma utakalolikuta humu. Mambo ya chandarua, ya kula kabla ya safari, ya kutompa simu yako mtu usiyemjua, sitayaandika. Una miaka ishirini na miwili. Ukiibiwa utajifunza.

Nakuandikia kwa kuwa nimekasirika. Nikikasirika na kusema, unapiga makofi, unaniambia, "Mama leo kaamka na taarabu yake," na neno langu linakufa hapo hapo. Kwenye karatasi huwezi kunipigia makofi. Nilikusudia kuitia barua hii kwenye begi lako uisome ukiwa kazini kwenye lori la watu, mbali huko Tunduma, mahali ambapo huwezi kunijibu. Utaona mwenyewe mbele kwa nini nimebadili.

Hasira imeanza Alhamisi, uliponiletea ile katuni.

Najua ulikusudia wema. Umesikia habari za Kombo tangu hujajua kutembea, ukaona kabla hujaondoka umtafutie mama yako katuni ya utoto wake, na ukaipata huko mitandaoni ninakosikia hakipotei kitu. Ukaunganisha simu na runinga, ukaniketisha kwenye kochi, ukasema nifumbe macho. Nikafumba. Nilipofumbua nikamwona anakuja barabarani na kofia yake ya majani, upanga kiunoni, mvua inamnyeshea na yeye hana haraka, na wallahi nilijisikia niko darasa la nne.

Wewe hukulijua lile banda, maana lilikwisha kufa ulipozaliwa, kwa hiyo vumilia nikueleze. Mjomba wangu alikuwa na kibanda umiza hapa hapa Nguvumali. Runinga moja, deki moja, mabenchi, magunia madirishani kuzuia mwanga. Mimi nilikuwa nafagia Jumamosi mchana, kwa hiyo niliruhusiwa kukaa. Pembeni ya runinga alikaa mtafsiri na kipaza sauti chake. Alipunguza sauti ya mkanda kisha akasema yeye badala ya wote: stelingi, adui, mtoto, mwanamke, na farasi akiwepo. Mtafsiri huyo alikuwa kijana aliyemaliza shule hivi karibuni, jina lake Mbwana. Baba yako.

Ile katuni ya samurai ilikuwa kwenye mkanda, Kijapani kitupu, bila maandishi ya chini. Mbwana alisema amejifunza Kijapani kwa mabaharia bandarini. Tuliamini. Mimi niliamini mpaka kidato cha nne, na Jiografia nilifaulu. Yule samurai alimpa jina Kombo. Maadui walikuwa watu wa ng'ambo ya mto, wakati mwingine aliwaita watu wa Pangani, na siku wakiwemo watu wa Pangani ukumbini walikuwa wa Bagamoyo. Kombo, kwa maneno ya Mbwana, alikuwa ameapa kwa mfalme wake kwamba atatembea nchi nzima mpaka asibakie mnyonge hata mmoja aliyedhulumiwa. Ndiyo maana hawezi kukaa nyumbani. Anataka, lakini kiapo hakimruhusu. Na ana mke. Mkewe anamsindikiza mpaka langoni alfajiri, anasimama, na hapo ndipo Mbwana alikuwa akilainisha sauti mpaka wanawake wazima wanatoa vitambaa:

"Nenda, Kombo. Lango hili nitalilinda mimi, hata nywele zangu ziwe nyeupe. Wewe nenda, dunia inakuhitaji."

Nimeiona sehemu hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Ule mkanda ulikuwa ukirudiwa kila walipokosa mkanda mpya. Nilikuwa kidato cha tatu, msichana mrefu, bado nafagia pale Jumamosi, siku Mbwana alipofika langoni na kusema, "Nenda, Kombo. Lango hili nitalilinda mimi, Mwanaisha."

Ukumbi mzima uligeuka kunitazama.

"We mtafsiri!" mtu akapiga kelele. "Hiyo imo kwenye mkanda?"

"Imo! Kijapani hukijui, nyamaza."

"Basi mwambie huyo Mwanaisha atuletee maji!"

"Mwanaisha wa stelingi huyo, si wako. Kunywa mate."

Mjomba alikuwa mlangoni anauza karanga. Aliingia, akang'oa waya ukutani. Watu wakapiga miluzi gizani. Mimi nilikuwa nimeshika fagio na uso unaniwaka, na sikumbuki kama nimewahi kuwa na furaha kama ile tena. Huko ndiko nilikoposwa, Salehe, kabla wazee wake hawajaleta barua. Niliposwa na katuni.

Sasa rudi Alhamisi. Ulianza kucheka mapema, kwa sababu Kombo haitwi Kombo. Nami nilicheka. Maandishi ya Kiingereza yalikuwa yanapita chini, wewe unayasoma kwa sauti kunisaidia, mimi nakwambia Kiingereza changu cha kidato cha nne kinatosha, usinifanye bibi kizee. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kimya. Kombo wa kweli hasemi. Anatembea kwenye majani marefu, upepo unapita, ndege analia, basi. Zamani nilipoona mdomo wake umefungwa na huku maneno yanatoka nilidhani ni mkanda mbovu. Kumbe Mbwana alikuwa akijaza kila kimya alichokikuta. Zile nasaha zote, yale maneno juu ya wanyonge na mfalme na kiapo, hayakuwemo. Kiapo hakimo. Mfalme hayumo.

Nitaipa haki yake: ni nzuri. Ni nzuri kuliko ya baba yako. Mvua imechorwa na mtu aliyewahi kulowa. Mapigano yanakwisha kabla hujapepesa, na anayeanguka anaonekana ameanguka kweli, mama yake anakuja kumchukua. Lakini sikuwa nimekaa pale kutafuta uzuri. Nilikuwa nangojea lango.

Nikakwambia, "Tulia sasa. Hapa ndipo."

Yule mwanamke akatoka, alfajiri, na kimono yake, ile kanzu ya Kijapani ninayoikumbuka. Akasimama langoni. Mdomo wake ukafunguka na maandishi yakapita chini, nami nikayasoma. Alikuwa anamwambia aende na asirudi. Nyumba yake imezika mtu mmoja kwa ajili ya ugomvi uliomfuata huyu mgeni njiani, na haitazika wa pili. Kisha akafunga lango. Kombo akakaa kidogo kwenye mvua, akarekebisha kofia, akaenda zake.

"Rudisha nyuma," nikakwambia.

Ukarudisha.

"Rudisha tena."

"Mama, hata si mkewe huyo. Ni mwenye nyumba tu, kampa pa kulala."

"Najua kusoma."

"Kumbe mzee alikuwa anawapiga fiksi!" Ukajipiga paja, ukacheka mpaka ukakohoa. "Ukumbi mzima! Watu wanalia, kumbe demu anamfukuza jamaa! Baba kichwa, wallahi. Baba kichwa!"

Nilikutazama ukicheka. Una meno yake.

Nikasema tuendelee mpaka mwisho, kwa sababu nilitaka kuona Kombo anarudi. Kwa Mbwana alikuwa anarudi. Mwisho wa mkanda, nywele zimeota mvi, anafika kwa mkewe, mkewe kazeeka, anampa maji kwenye kata bila neno na ukumbi unasimama kushangilia. Tukafika hapo. Ni mwanamke mwingine. Kijiji kingine. Anampa maji kama unavyompa mpita njia yeyote. Anakunywa, anarudisha kata, anaondoka. Hata jina hamuulizi.

Kombo hakuwa na mke. Hakuwa na kwao. Kadiri nilivyoelewa mimi, anatembea kwa sababu akikaa mahali watu huanza kumuuliza maswali. Hilo ndilo kubwa lake lote, na aliyemchora alilijua, wala hakuficha. Aliyeficha ni mtu wa Nguvumali mwenye kipaza sauti.

Ukaniuliza, "Mama vipi, hukuipenda?" Nikasema macho yanauma. Ukasema, "Lakini ya baba tamu zaidi." Hapo ndipo nilipokwenda jikoni.

Sikia sasa kwa nini sikucheka. Nilipoolewa nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea ualimu. Hilo unalijua, lakini hujui kwa nini sikwenda. Sikwenda kwa sababu banda la mjomba lilikwisha kufungwa, watu wana runinga na deki majumbani, na Mbwana hakuwa tena na mtu wa kumtafsiria. Akaanza kuondoka. Kwanza Mombasa. Alfajiri, mlangoni, wewe uko tumboni, akanigeukia akaniuliza kwa ile sauti, "Utalilinda lango?" Na mimi mjinga nikajibu kwa maneno ya mkanda. Nikajisikia mtu mkubwa! Nafasi ya ualimu nikaiacha ipite, maana akirudi akakuta pamefungwa, itakuwaje? Nilidhani kungoja ni cheo. Nilikivaa kama watu wanavyovaa dhahabu arusini, niende nacho sokoni, niende nacho msibani, nisikie wanawake wakisema, "Mwanaisha mwanamke, wengine sisi hatuwezi." Alirudi mara mbili, kila mara na hadithi. Mara ya tatu akaondoka akisema anakwenda Msumbiji.

Na wewe ukawa unauliza baba yuko wapi. Kila usiku. Mimi sina kipaza sauti lakini sauti ninayo, nikakupa Kombo. Nilikuigizia wote, adui, mtoto, farasi. Ulikuwa unasinzia pale pale langoni kila siku, nami namalizia mwenyewe gizani mpaka mwisho. Kosa langu liko hapo, wala sio lile la kumpenda Mbwana, maana yeye alikuwa wa kupendwa. Nilikichukua kitu alichokitunga kufurahisha watu mchana wa Jumamosi, nikakifanya ndicho maelezo ya nyumba yetu.

Siku tuliyojua kwamba yuko Moa ulikuwa darasa la tatu. Mama muuza dagaa ndiye aliyeniambia, "Mumeo namwona Moa, ana bodaboda." Sikumwamini. Nilipanda gari asubuhi na mchana nilikuwa nimekwisha kufika. Nilimkuta amekaa barazani anapanguza pikipiki, kanenepa kidogo. Akasimama.

"Mwanaisha! Nilikuwa karibu kuja."

Mwanamke akatoka ndani na kikombe cha maji, mtu mstaarabu tu, simlaumu. "Karibu dada. Wewe ni nani kwake?"

Nilimwangalia Mbwana. Mtu aliyekuwa akimpa farasi maneno ya kusema. Akameza mate, akasema, "Ni mtu wa Nguvumali."

Nilikunywa maji nikarudi. Jioni ile ile nilikwambia ukweli wote, sikukuficha. Ukalia, na nilidhani unalia kwa sababu ameoa. Ukasema, "Moa ni karibu, mama. Moa si ni hapa tu?" Mtoto aliweza kusamehe Msumbiji. Moa hakuweza.

Kwa hiyo ujue nilisikia nini Alhamisi usiku niliposimama jikoni na wewe umetoka uani na simu.

Ulikuwa unaongea na Zuhura, mchumba wako. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, sikujificha. Ulikuwa unacheka naye, ukamshukuru kwa kukubali kukungoja, halafu ukashusha sauti, ukasema, "Ulilinde lango, Zuhura. Hata nywele zako ziwe nyeupe."

Kwa sauti ya baba yako. Ile ile, inavyoteremka kwenye neno "lango" kama mtu anayeweka mtoto kitandani. Mbwana hujakaa naye ukaijua sauti yake, kwa hiyo umeitoa wapi? Umeitoa kwangu. Mimi ndiye niliyekupa. Na nusu saa nyuma ulikuwa umeona kwa macho yako, umesoma kwa mdomo wako, mwanamke yule alisema nini hasa! Ulijua, na bado ukamwambia lile lingine, kwa sababu ni tamu zaidi.

Baba yako alikuwa na udhuru mmoja. Kijapani hakukijua kweli.

Kesho yake asubuhi, wakati wa chai, ukaniongezea.

"Mama, Zuhura nakuachia. Umwangalie kidogo, asizurure."

"Nimwangalie kama kuku?"

"Aa, mama, unajua ninachosema. Ni miaka miwili, mitatu hivi, nikishapata lori langu mwenyewe."

"Miwili au mitatu?"

"Inategemea lori."

Inategemea lori! Ukachovya mkate. Ukasema utingo wa lori ni kama Kombo, leo uko Lusaka, kesho Lubumbashi, mtu hakupangii. Nikakwambia nyanyuka umalize kufua.

Usinielewe vibaya katika hili: sijakuzuia kwenda. Kazi ya lori ni kazi. Wapo watu wanaenda Lubumbashi na wanarudi, na wake zao wanajua siku. Kinachonichoma ni huko kutaka kwenda kama upepo na huku nyuma kumepigiliwa msumari mtu mmoja, asisogee, ili ukipata wazo la kurudi uwe na pa kurudia. Na kwamba umenichagua mimi niwe nyundo.

Jioni ya leo nilipokwambia naenda kwa mgonjwa, nilidanganya. Nilikwenda kwa kina Zuhura.

Kasirika sasa, nakungoja.

Nilimkuta uani anapiga pasi kanzu ya baba yake, mkaa unarusha cheche.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Weka pasi pembeni kwanza, utaunguza."

"Mbona hivyo? Salehe kafanya nini?"

Nikamweleza. Nilianza na banda la mjomba nikamaliza na lango, nikamwambia maneno ya yule mwanamke neno kwa neno. Nikamwambia na ya Moa. Nilikuwa nimejiandaa alie, nikawa na leso mkononi. Zuhura akanisikiliza huku anakunja mikono ya kanzu vizuri, mmoja, kisha wa pili.

"Kwa hiyo mama umekuja kuniambia nisimngoje mwanao?"

"Nimekuja kukwambia yule mwanamke alisema nini. Mengine ni yako."

"Mama," akasema, na alikuwa karibu kucheka, "mimi sikuwa na mpango wa kungoja."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Si umemwambia utangoja? Nimesikia mwenyewe anakushukuru."

"Nimemwambia. Ningemwambiaje? Mtu anaondoka, roho juu juu, anataka neno tamu la njiani. Nikampa. Kama mtu anavyompa msafiri maandazi."

"Na wewe?"

"Mimi mwisho wa mwezi naenda Amani, kule milimani. Shangazi kanitafutia kazi kwenye kitalu cha miche. Wakiona nafaa, mwakani watanisomesha."

"Salehe anajua?"

"Hajaniuliza."

"Hukumwambia?"

"Mama, tangu apate hiyo kazi tumeongea kila siku. Kila siku ananiuliza kama nitangoja. Hajaniuliza hata mara moja nitakuwa nafanya nini."

Hapo, Salehe, damu yako ilinipanda. Nilikwenda kumtetea msichana wa watu dhidi yako, na nikajikuta nataka kumtandika kwa ajili yako. Nilimwona anakufanya mjinga, mwanangu, anakufungia maandazi na huku keshapanga safari yake! Nikasema, "Basi na wewe ni mtafsiri tu kama wengine." Akainua uso. Hilo lilimwingia. Pasi ikawa inapoa na hakuna aliyeishika.

"Labda," akasema. "Nilikuwa namhurumia."

"Unampenda?"

Mama yake alikuwa mlangoni anasikiliza, hata hakujifanya ana kazi nyingine. Zuhura hakuona haya.

"Nampenda. Angeniuliza ningemwambia, na tungepanga. Amani si mwezini. Malori yana likizo, mimi nitakuwa na likizo. Lakini sitaki kuanza mimi, mama. Nikianza mimi itakuwa naomba ruhusa. Na kesho saa mbili asubuhi ana basi la kulifuata hilo lori."

Mama yake akasema kutoka mlangoni, "Mwambie apite. Baba yake Zuhura akirudi kuswali alfajiri tutakuwa macho sote."

Basi ndiyo maana barua hii haimo begini. Imepita chini ya mlango wa chumba chako, na umeikanyaga ulipoamka. Nilikusudia kukuumiza ukiwa mbali, sasa nakuumiza ukiwa bado na nafasi ya kutembea mpaka mtaa wa pili.

Usimwambie kwamba nimekuandikia haya. Atajua, lakini usimwambie. Usiende na neno lolote tamu, unalo jingi na hukulichuma mwenyewe. Usimwombe asiende Amani. Usimpe ruhusa aende Amani, hajakuomba. Muulize atakuwa anafanya nini. Halafu nyamaza, na kimya kikiwa kirefu kiache kiwe kirefu, mdomo wako ufunge. Inawezekana majibu yake usiyapende. Inawezekana akakwambia amechoka na wewe, na utapanda basi na hilo badala ya maandazi. Nitaona ni afadhali. Mimi nilipewa tamu miaka mingi, na ukiniuliza leo nilikuwa nafanya nini miaka hiyo yote, jibu langu moja tu: nilikuwa nyumbani.

Na usifikiri nimemaliza na wewe. Umeishi nami humu tangu kuzaliwa. Umenitafutia katuni, umenibebea mtungi wa gesi, umenisifia kwa rafiki zako kwamba mama yako jembe. Wiki nzima hii umepanga mizigo, umeaga mtaa mzima. Hukuniuliza kesho jioni mimi nitakuwa nafanya nini. Nina jambo langu, Salehe. Si kubwa, lakini ni langu, linaanza wiki ijayo, na mtu wa kwanza kuambiwa angekuwa wewe. Sitaliandika hapa. Siku ukiuliza, uulize kwa sauti yako.

Mama yako,
Mwanaisha

*

Karatasi hii ya pili nimeitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi, ncha yake nje uione.

Nimesikia komeo la mlango wa nje wakati muadhini hajamaliza. Nikatazama dirishani. Umetoka na shati lililokunjamana, viatu umevivalia barabarani, na hukuchukua simu, ipo hapa mezani inawaka. Umeshika njia ya kwao.

Sijui utarudi na jibu gani na sitaki kulisoma usoni mwako asubuhi hii, nikianza kulia sitanyamaza leo. Begi liko mlangoni, simu nimeiweka juu yake. Chai imo kwenye chupa. Usiniamshe.

Nimeswali. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, nalala.